Je, Wajua? Safari ya Uzazi, Kutoka Boma hadi Juba

Je, wajua kwamba utafiti wa kaya wa mwaka 2006 ulikadiria vifo vya uzazi kusini mwa Sudan kuwa akina mama 2,054 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai? Makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa Sudan Kusini mwaka 2023 ni 692. Usitoe moja kutoka kwa nyingine ukashangilia, kwani hesabu zilipigwa kwa njia tofauti. Na 692 bado ni msiba.

Je, wajua kwamba Sudan Kusini ilipopata uhuru Julai 2011, wakunga waliosajiliwa walihesabika kwa vidole? Chuo cha Uuguzi na Ukunga cha Juba kilikuwa kimeanza mwaka mmoja tu kabla.

Je, wajua kwamba dawa moja ya kuzuia damu isimwagike baada ya kujifungua hupenda baridi, na nyingine haijali? Sindano ya oksitosini huhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na jokofu huko vijijini ni anasa. Vidonge vya misoprostoli havihitaji jokofu. Ndiyo maana katika kaunti ya Mundri Mashariki, Equatoria Magharibi, wajawazito waliwahi kugawiwa vidonge hivyo mapema, kwa majaribio, wavimeze mtoto akishatoka. Sharti moja: kwanza ihakikishwe hakuna pacha aliyebaki tumboni. Kwangu mimi, hii ndiyo akili ya kweli: dawa imfuate mama, si mama aifuate dawa.

Je, wajua kwamba hadi 2024 Sudan Kusini ilikuwa miongoni mwa nchi chache ambazo bado hazijatokomeza pepopunda ya watoto wachanga? Chanjo ya mama na wembe mpya wa kukatia kitovu hutosha kuizuia kwa kiasi kikubwa. Wembe!

Je, wajua kwamba boma ndiyo ngazi ya mwisho ya utawala, chini ya kaunti na payam? Tangu 2017, Mpango wa Afya wa Boma huwapa wanakijiji mafunzo ya kuhudumia majirani zao, wajawazito wakiwemo.

Mvua zikinyesha katika jimbo la Jonglei, barabara huzama na mjamzito huvushwa kwa mtumbwi. Wewe uliye Juba, shemeji yako akiwa mjamzito huko, tuma nauli mimba ikifika mwezi wa nane. Usingoje uchungu uanze.