Deni la Kodi Humkuta Aliyebaki Nyumbani

Wapenzi wakikaa kupanga maisha huongelea matamu: harusi, watoto wangapi, gari gani. Kodi ya jengo? Thubutu! Hayo eti ni ya wazee na maofisa wa halmashauri. Mimi nimeolewa Upareni, na huko nimejifunza kwamba deni la kodi lina tabia moja mbaya: halimfuati mwenye jina kwenye karatasi. Linamkuta aliyebaki nyumbani.

Chukua hili la sasa. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU. Ilianza sh. 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Usiponunua umeme haikusahau, inajikusanya. Wifi yangu alikwenda likizo kwenye nyumba ya familia pale Same mjini, ikiwa imekaa na kufuli miezi minane. Akanunua umeme wa 15,000, kodi peke yake ikala 12,000. Taa zikawaka, na mdomo nao ukawaka. Usiku huohuo simu ikapigwa Dar: “Kaka, deni ni la nani, mbona nalipa mimi?” Mume wangu akanitazama, utadhani mita niliifunga mimi.

Kwa Wapare ugomvi wa namna hii una historia ndefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, baraza la machifu wa Pare chini ya Mwingereza lilileta kodi mpya iliyoitwa mbiru. Kodi iliyozoeleka ilikuwa kiasi kimoja kwa kila mwanaume. Mbiru ilikwenda kwa mali: zinatazamwa ng'ombe zako, kahawa yako, shamba lako, ndipo unaambiwa utoe ngapi. Wapare hawakugoma kulipa kodi. Walichokataa ni mtu kuja kukadiria mali yao, maana mkadiriaji naye ana watu wake na wasio wake. (Watani husema Mpare yuko radhi auze ng'ombe aendeshe kesi ya kuku. Kwa hili la mbiru, mimi nawapa haki yao.)

Januari 1945 wanaume kwa maelfu waliteremka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi kungoja jibu. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Paulo Kajiru Mashambo.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mke aliyebaki Usangi au Mamba. Shamba ni lako, mifugo ni yako, watoto ni wako, mama mkwe anaumwa. Kwenye daftari la kodi jina lako halipo kabisa, ila mume ndiyo hayupo. Siku zilipozidi, wanawake wa Usangi waliwakabili maofisa wa serikali na kuwapa sharti linalosimuliwa hadi leo: warudishieni waume zao, la sivyo watieni mimba nyinyi wenyewe. Usicheke sana. Walikuwa wanasema waziwazi kwamba nyumba zimesimama. Mwaka 1947 mbiru iliondolewa, kiasi kimoja kikarudi.

Kizazi chetu nacho kina yake. Wengi tunaikumbuka kodi ya maendeleo, ile iliyofutwa 2003. Baba analala porini kumkwepa mgambo, na hodi ikipigwa alfajiri ni mama anayefungua mlango.

Siku hizi mgambo hagongi, anayenunua umeme ndiye anayekatwa, hata awe mpangaji. Kwa sheria kodi ni ya mwenye jengo, kwa hiyo mpangaji atunze risiti na wakubaliane mapema zipunguzwe kwenye pango. Wapo wenye msamaha, mfano mzee wa miaka 60 na zaidi anayeishi kwenye nyumba yake, lakini lazima aombe.

Kinachonitisha zaidi ni kodi ya pango la ardhi, kwa wenye viwanja vyenye hati. Hii haipiti kwenye LUKU, kwa hiyo hakuna taa itakayozimika kukukumbusha. Ikiachwa miaka, adhabu inaongezeka juu ya deni, unaweza kuburuzwa barazani, na hatua ya mwisho ni kufutiwa hati yenyewe.

Mimi na mume wangu tumegawana. Yeye kila mwanzo wa mwezi ananunua umeme wa Same kwa simu, nyumba ifunguliwe isifunguliwe. Kodi ya ardhi ni yangu. Tatizo, hati bado ina jina la marehemu baba mkwe. Mama tunaishi naye Dar, watoto wako watano, na mirathi haijafunguliwa. Ukiuliza kwenye kikao cha familia nani atakwenda mahakamani kuianza, kila mtu ghafla anasoma meseji kwenye simu yake.