Sekondari ya miradi: tuifikirie ikiwa Mbangala

KILA mwaka wanafunzi wetu hukariri kwamba zebaki ni metali iliyo majimaji katika joto la kawaida, wakaandika jibu na kupata alama. Wilaya ya Songwe, ilimo Kata ya Mbangala, ni nchi ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, ambao wengi wao hutumia zebaki hiyo hiyo. Mtoto anaweza kufaulu somo hilo darasani, kisha akarudi nyumbani akasimama kando ya moto unaoichoma.

Shule inayofundisha kwa miradi huanza na swali la kweli, si na sura ya kitabu. Tuseme swali la muhula ni hili: zebaki ya mchimbaji huishia wapi?

Mwalimu wa kemia ataeleza kwamba zebaki huchemka kwa nyuzi 357 za Selsiasi, ilhali dhahabu huyeyuka kwa nyuzi 1,064. Ndiyo maana mchanganyiko ukichomwa, zebaki huondoka kama mvuke na dhahabu hubaki. Katika hisabati, uzito kabla na baada ya kuchoma hutoa kiasi kilichopotea hewani. Jiografia itafuata vijito hadi Ziwa Rukwa, ambako zebaki inaweza kuingia katika samaki. Uraia utahoji kwa nini Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Karakana itatengeneza chombo cha kunasa mvuke na kuupoza, kikijaribiwa kwa maji matupu. Hapa pasiwe na mzaha: mwanafunzi asiishike zebaki wala asisogelee moshi wake. Vipimo vichukuliwe na wataalamu, naye apewe takwimu.

Wazo hili si geni. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akitaka kazi ya shule iwe sehemu ya masomo na wanafunzi washiriki kuipanga. Huko Litowa, Songea, shule ilifungamanishwa na maisha ya kijiji, hadi chama cha vijiji vile kilipopigwa marufuku mwaka 1969. Kwingineko, yapo mashamba ya shule yaliyogeuka vibarua, na jembe likawa adhabu ya mchelewaji. Kulima bila kuuliza kwa nini mahindi yamedumaa si mradi.

Sera ya Elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, imerejesha matumaini, na mkondo wa amali ulianza katika baadhi ya sekondari mwaka 2024. Lakini kizuizi kikubwa, kwa maoni yangu, ni mtihani. Mwalimu anayepimwa kwa matokeo ya kidato cha nne hatatumia wiki sita kwa swali moja, hata akilipenda kiasi gani.

Kwa hiyo shule yetu ya kufikirika ingehitaji alama za mradi zihesabiwe katika cheti. Mwisho wa muhula wanafunzi wangesoma ripoti yao kwa Kiswahili mbele ya wachimbaji wenyewe, nao wachimbaji wawe na haki ya kuwauliza maswali.