EKSELI IMARA: USALAMA WA SAFARI NA AKIBA YA NYUMBA

Wakati wa mvua nyingi, njia za vilima vya Gashoho, katika eneo la Muyinga, kaskazini mashariki mwa Burundi, hugeuka kuwa utelezi mwekundu. Hapo ndipo mwenye gari hulijua gari lake, wala si siku ile alipolinunua.

Jirani yangu mmoja, askari mstaafu, alinunua kwa fedha za kustaafu pikapu kuukuu yenye kuendeshwa kwa magurudumu manne, apate kupeleka ndizi na maharage sokoni. Ili gari linyanyuke juu ya matope, alilifunga matairi makubwa kuliko yale ya kiwandani. Usiku mmoja wa mvua tulimpakia mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu. Katikati ya mlima tulisikia mlio kama wa ukuni mkavu unaovunjwa, kisha gurudumu la nyuma likachomoka pamoja na kipande cha shafti yake na kubingirika bondeni. Mama yule alimaliza safari ndani ya ingobyi, machela yetu ya jadi, mabegani mwa majirani. Alijifungua salama kulipopambazuka, lakini sote tulijua kwamba mambo yangeweza kuwa mengine.

Tangu siku ile jirani yangu alikuwa na neno moja tu: "Mwalimu, nataka ekseli kubwa." Mkewe naye alikuwa na lake: "Na karo ya watoto, baba?" Wote wawili walikuwa na haki. Basi tuliketi pamoja, tukalichambua jambo hili hatua kwa hatua, na hayo ndiyo ninayowaletea wasomaji.

Ekseli ni za aina mbili

Ndani ya ekseli ya nyuma mna difu, inayogawa nguvu ya injini, na shafti mbili zinazoipeleka nguvu hiyo magurudumuni. Katika aina ya kwanza ya ekseli, shafti huzungusha gurudumu na papo hapo hubeba uzito wa gari. Ikikatika karibu na gurudumu, gurudumu huondoka nayo. Pikapu nyepesi nyingi zina ekseli ya namna hii.

Katika aina ya pili, uzito hubebwa na habu inayozunguka kwa beringi mbili juu ya bomba la ekseli, na shafti huwa na kazi moja tu, kuzungusha. Hata ikikatika, gurudumu hubaki mahali pake. Dereva aweza kutoa vipande vilivyovunjika, akaziba tundu lisiingie uchafu, akarudi polepole kwa nguvu ya magurudumu ya mbele. Ndiyo ekseli iliyomo katika Land Cruiser nyingi za kazi nzito za mfululizo wa 70, ulioanza mwaka 1984. Hata viwanda hujirekebisha: mwaka 1972 Land Rover ya Series III, ile ndefu ya inchi 109, ilipewa ekseli ya nyuma ya Salisbury, iliyo nene na imara kuliko ile ya awali.

Hesabu ya matairi

Tuseme tairi la kiwandani lina kimo cha inchi 30, nawe unafunga la inchi 33. Umeongeza sehemu 10 kwa mia. Ili gari lipande mlima uleule kwa mzigo uleule, shafti italazimika kubeba msokoto uliozidi kwa kiasi hichohicho, na injini itachoka upesi. Kama difu ni ya uwiano wa 4.11, utahitaji wa 4.5 hivi ili kurudisha nguvu ya zamani. Na difu ya mbele sharti iwe na uwiano sawa na ya nyuma. Zikitofautiana, gia zitavutana mpaka kitu kivunjike.

Wengine hutamani difu yenye kufuli. Hiyo husaidia gurudumu moja likiwa hewani, lakini huweza kuitupa nguvu yote juu ya shafti moja. Shafti dhaifu yenye kufuli hukatika mapema zaidi.

Ukinunua ekseli iliyotumika

Usinunue kwa macho. Pima upana wake, mahali pa kukalia springi, idadi ya boliti za gurudumu, na aina ya breki. Kisha pima uwiano. Gari likiwa mahali tambarare, zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, toa gia na breki ya mkono, nyanyua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, na jingine libaki chini. Lizungushe lile lililo juu mara mbili kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela shafti. Ikizunguka mara nne na kidogo, uwiano ni kama 4.1. Njia hii ni ya difu isiyo na kufuli.

Kabla ya kununua chochote, tunza ulicho nacho. Fungua oili ya difu: ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, ikiwa na vipande vya chuma, gia au beringi zinakwisha. Ekseli yenye moto ikiingia ghafla katika maji baridi, hewa iliyomo ndani hujikunja na kufyonza maji. Kwa hiyo, refusha kwa mpira kile kijibomba cha kupumulia, kifike juu ya maji.

Uamuzi wa nyumba ile

Jirani yangu aliyauza matairi makubwa, akarudisha ya kipimo cha kiwanda. Fedha zile zilinunua shafti mbili mpya, beringi na sili. Mzigo ukapunguzwa ufuate kipimo cha kiwanda. Ekseli kubwa iliahirishwa, na karo ikalipwa.

Mvua zilizofuata, gari lile lilipanda mlima uleule likiwa na mgonjwa, likafika. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ndugu msomaji, kabla ya kutamani chuma kikubwa, kitazame kwanza kile ulicho nacho.