Bunduki ya Kwanza ya Mjukuu

Makambako ni mji wa njia panda. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, yapita hapo, na hapo hapo barabara ya kwenda Njombe na Songea huiacha ile ya Mbeya. Mtu asubiriye gari katika mji huo husikia habari za nchi nyingi bila ya kununua gazeti. Nami nilikuwa nasubiri gari la Njombe, mwendo wa kilomita 60 hivi, alipoketi kando yangu mzee mmoja aliyetumia ujana wake wote katika mashamba ya miwati. Tukaamkiana kwa “kamwene”, tukaulizana habari za baridi na za mahindi, kisha akatoa simu yake akanionyesha picha.

Katika picha hiyo alikuwamo mvulana wa miaka 11, mjukuu wake, aishiye Uingereza na wazazi wake. Mtoto ameshika bunduki ya marisau, ile tuiitayo shotigani, na mgongo wake umepinda kwa nyuma kama mtu aliyebeba debe la maji kifuani. Anajifunza kulenga visahani katika kilabu cha huko (yafaa niseme kwamba kilabu hicho si cha ulanzi). Mzee ameuza viazi vyake, naye ataka kumtumia mjukuu fedha za kununulia bunduki yake mwenyewe. Yeye mzee anayo moja ya geji 12, yenye leseni, ambayo kwayo huwafukuza nguruwe mwitu shambani mahindi yanapokomaa. Kwa hiyo alikwisha kuamua: mtoto anunuliwe kama ile ya babu.

“Lakini mwanangu,” akaniambia kwa hasira kidogo, “mwalimu wao asema mtoto apewe geji 20. Mimi mtu mzima natumia 12! Wataka kumwua?”

Nalicheka, kisha nikamwomba radhi, kwani kosa hilo si lake peke yake. Hesabu ya geji huenda kinyume. Mafundi wa zamani waliupima mtutu kwa ratili moja ya madini ya risasi: ikigawanywa gololi 12 zilizo sawa, gololi moja hutosha mtutu wa geji 12, ikigawanywa gololi 20, kila moja huwa ndogo zaidi, na mtutu huwa mwembamba zaidi. Ndiyo sababu mtutu wa geji 12 una upana wa milimita 18.5 hivi, na wa geji 20 una milimita 15.6. Mwalimu yule hakutaka kumwua mtoto. Alitaka kumpunguzia mzigo.

Mchezo wenyewe wataka maelezo, maana huku kwetu hauonekani. Hapo kwanza mabwana wa Ulaya waliwafungulia njiwa hai kutoka masandukuni wakawapiga. Hata katika mashindano ya Paris ya mwaka 1900 jambo hilo lilifanyika. Mwaka 1880 mtu mmoja wa Cincinnati, Marekani, aitwaye George Ligowsky, alikuwa amekwisha kubuni kisahani cha udongo cha kurushwa angani badala ya ndege. Siku hizi kisahani hicho hufanywa kwa lami na unga wa mawe ya chokaa, nacho chapata upana wa milimita 110 hivi. Mtambo hukirusha mfano wa kwale aliyeshtuliwa majanini, na mpigaji hana budi kukivunja kabla hakijaanguka. Tangu asubuhi hata adhuhuri mtu aweza kufyatua mara mia. Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Mzee hufyatua mara moja au mbili katika usiku mmoja, nalo bega lake hupona kabla nguruwe hawajarudi. Mtoto afyatuaye mara hamsini kwa bunduki isiyomfaa hurudi nyumbani na bega jeusi, na mara ya pili, kabla hajafyatua, hufumba macho kwa hofu. Desturi hiyo ya kufumba macho ikishamwingia, huichukua miaka kuiondoa.

Nikamwambia mzee aitazame tena picha ile. Kwa nini mgongo umepinda? Bunduki ya geji 12 ya mchezo huu aghalabu huwa na uzito wa kilo tatu na nusu au zaidi, na mtoto wa umri ule ana kilo 35 hivi. Basi amepewa kubeba sehemu ya kumi ya mwili wake kwa mikono iliyonyoshwa mbele. Dawa inayomjia mtu upesi ni kutafuta bunduki nyepesi kabisa, nayo ni dawa ya uongo. Bunduki nyepesi ikitiwa risasi nzito hulipiga bega vibaya kuliko ile nzito, kwa kuwa haina uzito wa kuuzuia ule msukumo wa kurudi nyuma. Yapasa vitu vyote viwili vipungue pamoja: bunduki ya geji 20 ambayo mtoto aweza kuishika, na ndani yake risasi yenye gramu 21 au 24 za marisau. Zile zinazojipakia zenyewe kwa nguvu ya moshi hupunguza pigo zaidi. Lakini mwanafunzi asiruhusiwe kutia ndani ila risasi moja tu.

Mzee akauliza juu ya ile nyembamba kupita zote, iitwayo 410, ambayo namba yake si hesabu ya gololi bali ni sehemu za elfu za inchi. Wazee wengi wa Uingereza huwanunulia watoto hiyo, kwa kudhani kwamba bunduki ndogo ni ya mtu mdogo. Pigo lake ni dogo kweli, lakini hubeba marisau machache, na hata fundi hukosa nayo. Mtoto akikosa visahani ishirini mfululizo haoni kwamba bunduki ni haba; hujiona yeye mwenyewe kuwa ni mjinga, akaiacha.

Kisha kitako. Kitako kirefu hunasa kwapani wakati wa kuinua bunduki. Kifupi mno humpiga mtu pua kwa kidole gumba chake mwenyewe. Mtoto aiweke begani, macho ameyafumba, kisha ayafumbue. Kati ya pua na kidole gumba pabaki nafasi ya vidole viwili hivi, na jicho liuone mtutu wote bila kuinamishwa kwa shingo. Aishike hivyo kwa hesabu ya thelathini. Mtutu ukianza kushuka, au kiuno kikianza kusonga mbele kama katika picha ile, bunduki hiyo si yake. Tena ajulikane jicho lake lenye nguvu ni lipi: aelekeze kidole kwenye kitu kilicho mbali, macho yote mawili yakiwa wazi, afumbe moja baada ya jingine. Lile ambalo likiachwa wazi kidole hakihami ndilo linalotawala. Watoto wengi hulengeshwa kwa bega la kulia hali jicho lao ni la kushoto, wakalaumiwa bure.

Jambo moja nililisema kwa sauti kubwa, hata abiria wengine wakageuka. Risasi ya geji 20 isichanganywe na ya geji 12 mfukoni. Ikitiwa katika geji 12 hupita, ikakwama mbele ndani ya mtutu. Mtu huona chumba ki tupu, akatia nyingine nyuma yake, na mtutu ukapasuka mkononi. Ndiyo maana maganda ya geji 20 hupakwa rangi ya manjano.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akanena jambo ambalo sikulitazamia. Baba yake alikuwa na gobori, la kushindiliwa baruti kwa mdomoni, wakati kila mzungu wa Njombe alikuwa na bunduki ya kufunguliwa kwa nyuma. Alitaka kizazi chake kiwe na bunduki ya kweli. Sikuweza kumpinga. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalipatana huko Brussels kuwazuia watu wa Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa Ikweta, wasiuziwe silaha bora. Gobori la gumegume na baruti ya kawaida ndivyo vilivyoachiwa mlango. Njombe imo katikati ya mstari huo. Dhuluma hiyo ilikuwa kweli, lakini bega la mtoto wa miaka 11 si mahali pa kulipiza kisasi chake.

Tena alikuwa na shauri la pili: mjukuu atakapokuja Desemba ampe ile yake, alenge makopo bondeni. Hapo nilikataa waziwazi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimpi leseni mtu asiyetimiza miaka 25, na leseni ni ya mtu aliyeandikwa, si ya ukoo. Kijana wetu hufundishwa bunduki katika Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, mbele ya wakufunzi. Babu akimpa mtoto silaha yake, atakuwa ameihatarisha leseni yake pamoja na mtoto. Hata huko Uingereza si halali kumpa zawadi ya bunduki ya marisau mtoto wa chini ya miaka 15. Hushika tu akisimamiwa na mtu mwenye miaka 21 au zaidi, na kuinunua ni mpaka atimize 18. Fedha za viazi zingeweza kumnunulia baba yake tu, kwa cheti chake mwenyewe.

“Basi nisitume kitu?” akauliza mzee.

Nikamwambia atume fedha za mafunzo, za vizibo vya masikio na za miwani ya kukinga macho; bunduki waazime kilabuni, maana mtoto yu katika kurefuka, na kitako kimfaacho mwaka huu mwakani kitakuwa kifupi. Gari la Njombe likawa linapiga honi. Nilipokuwa napanda nilimwona amempigia simu mkwewe, anamwagiza achukue utepe wa fundi cherehani ampime mtoto mkono, toka kiwiko hata kidole cha shahada, na amwandikie sentimita ngapi.