Unene si neema: Pima kabla hujaugua

Hapa Kigali, mtu akinenepa baada ya kupata kazi au kufunga ndoa, majirani humpongeza kwamba maisha yamemnyookea. Pongezi hizo nimezisikia mara nyingi, na ndizo zinazonitia hofu, kwani unene wa kupindukia huleta maradhi yasiyopiga hodi.

Mafuta yanayojilimbikiza tumboni huufanya mwili usiitikie vizuri insulini. Sukari hubaki kwenye damu, na hapo ndipo kisukari cha aina ya pili huanzia. Shinikizo la damu nalo hupanda, likamweka mtu katika hatari ya kiharusi na ugonjwa wa moyo. Magoti huuma, na wengine hukoroma hadi pumzi zikakatika usingizini.

Utajuaje kama umezidi? Chukua uzito wako katika kilo, ugawanye kwa kimo chako katika mita, kisha jibu uligawanye tena kwa kimo hicho hicho. Ukipata 25 au zaidi, uzito umezidi. 30 kwenda juu ni unene wa kupindukia. Mwenye kimo cha mita 1.65 na kilo 82 tayari amefika huko.

La kutia moyo ni kwamba akipunguza kilo 4 hadi 8 tu, shinikizo na sukari huweza kushuka. Tangu mwaka 2016, Kigali imekuwa na Jumapili maalumu ambazo baadhi ya barabara hufungwa kwa magari ili watu watembee na kukimbia, na vipimo hutolewa bure. Tuitumie nafasi hiyo. Asiyejipima huujua ugonjwa ukiwa umeshamlaza kitandani.