Je, Wajua? Jasusi wa Lubumbashi Aliyewageuka Wakubwa Wake

Je, wajua kwamba shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilikuwa na kituo chake hapa Lubumbashi tangu mji huu ukiitwa Élisabethville, na kwamba mkuu mmoja wa kituo hicho baadaye aliacha kazi akayaanika ya ndani? Anaitwa John Stockwell. Katika filamu za kijasusi msaliti huuza siri kwa adui gizani. Huyu aliandika kitabu, akaweka jina lake juu ya jalada.

Je, wajua kwamba Stockwell alikulia Kongo hii hii? Wazazi wake walikuja Kasai enzi za Wabelgiji, kwa kazi ya misheni ya Presbiteri. Aliingia CIA mwaka 1964, na kabla miaka ya 1960 haijaisha akapangiwa kazi Lubumbashi. Mwaka 1975 alikabidhiwa operesheni ya siri ya Angola, ile iliyopitisha silaha na fedha Kinshasa kwenda kwa Holden Roberto, kiongozi wa kundi moja la wapiganaji wa Angola. Aliyoyaona huko ndiyo yaliyomshinda. Mwaka 1977 aliandika barua ya wazi katika gazeti la Washington Post, na mwaka 1978 kikatoka kitabu, In Search of Enemies. Shirika likamshitaki. Mimi simwiti msaliti.

Ukurasa mmoja wa kitabu hicho unatugusa sisi wa Lubumbashi kuliko kurasa zote za Angola. Anasimulia kwamba ofisa mwenzake wa CIA alimweleza jinsi alivyozunguka na gari mjini humu usiku, baada ya saa za amri ya kutotoka nje, maiti ya Patrice Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, ikiwa kwenye buti, asijue aipeleke wapi. Fikiria mitaa hii unayoipita kila siku, taa zimezimwa, gari moja tu linatembea. Sharti niseme pia kwamba ushahidi uliokusanywa baadaye Ubelgiji unasimulia mambo mengine kuhusu maiti ile, na masimulizi hayo mawili hayapatani kwa urahisi.

Je, wajua yaliyothibitishwa? Tarehe 17 Januari 1961, yapata saa kumi na moja jioni, ndege aina ya DC-4 ilitua uwanja wa Luano ikitokea Moanda. Ndani walikuwamo Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito, wamefungwa, wamepigwa njia nzima. Marubani walikuwa wamejifungia chumbani mwao wasiyaone yale. Wafungwa wakapelekwa nyumba ya Brouwez, si mbali na uwanja wa ndege, wakateswa tena, na mawaziri wa Katanga, iliyokuwa imejitenga, wakafika kuwatazama. Usiku ule ule wakapigwa risasi porini Shilatembo, upande wa Likasi, yapata kilomita 50 kutoka mjini, mbele ya rais wa Katanga, Moïse Tshombe, na maofisa wa Kibelgiji. Taifa lilidanganywa karibu mwezi mzima: tarehe 13 Februari waziri Godefroid Munongo alitangaza kwamba walitoroka wakauawa na wanakijiji.

Siku mbili baada ya mauaji, kituo cha CIA cha Élisabethville kilituma telegramu ya kushukuru kwa kuletewa Patrice, kikiongeza kwamba kingejua anakuja kingemwokea nyoka. Aliyeandika hakujua kwamba mtu huyo alikwisha kufa. Telegramu hiyo ilifichuliwa na kamati ya Seneti ya Marekani mwaka 1975. Kila nikiisoma nasikia baridi.

Je, wajua kuhusu sumu? Septemba 1960 mwanakemia wa CIA, Sidney Gottlieb, alifika Léopoldville akijitambulisha kama "Joe wa Paris", amebeba sumu ya kumuua Lumumba. Mkuu wa kituo cha huko, Larry Devlin, alieleza baadaye kwamba hakuitumia, akaitupa mto Kongo.

Waingereza je? Mtu wao wa MI6 Léopoldville alikuwa Daphne Park, mwanamke aliyelelewa Tanganyika. Baada ya kifo chake mwaka 2010, mbunge mmoja wa Nyumba ya Malodi aliandika kwamba Park alimwambia kuwa yeye ndiye aliyepanga kifo cha Lumumba.

Ukitaka usaliti wenyewe, huu hapa. Julai 1960 Lumumba alimpandisha Joseph-Désiré Mobutu cheo, akamfanya mnadhimu mkuu wa jeshi. Mobutu na Devlin walikuwa wamekwisha kufahamiana Brussels. Tarehe 14 Septemba mwaka ule ule Mobutu akamgeuka bwana wake, na askari wake ndio waliomkamata Lumumba Desemba, Sankuru.

Je, wajua kwamba filamu Lumumba ya mwaka 2000, ya Raoul Peck, Mhaiti aliyekulia Kinshasa, ilipigwa Zimbabwe na Msumbiji kwa sababu kwetu kulikuwa na vita? Ilipoonyeshwa kwenye televisheni Marekani, jina la Frank Carlucci, mwanadiplomasia wa Marekani anayetajwa ndani yake, lilifunikwa kwa mlio, baada ya wanasheria wake kutishia kesi.

Je, wajua kwamba John le Carré, bingwa wa hadithi za msaliti aliyejificha ndani ya ofisi ya ujasusi, alimpa Mkongo kazi hiyo? Katika The Mission Song ya mwaka 2006, mkalimani wa Kiswahili na lugha za Kivu anayefanyia kazi ujasusi wa Uingereza anasikia masikioni mwake mpango wa kuipora Kivu, naye anaziiba kanda. Kwa waajiri wake ni msaliti.

Na mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi? Urani yake iliingia kwenye bomu la Hiroshima, ndiyo maana majasusi wa Marekani walikuwa Kongo tangu Vita Kuu ya Pili.

Juni 2022 jino la Lumumba, lililotunzwa miaka mingi na familia ya Gerard Soete, polisi wa Kibelgiji aliyeyeyusha maiti zile kwa asidi, lilirudishwa nyumbani. Kabla ya kuzikwa Kinshasa, jeneza lake lilipitishwa Shilatembo, chini ya miti ya pori lile.