Mambo ya Kupima Kabla ya Kuunganisha Runinga za Nyumba Nzima

Tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam, Desemba 31, 2012, matangazo ya runinga huwafikia wananchi kwa mfumo wa dijitali. Hivyo, yanaweza kurekodiwa kwenye kifaa kimoja na kutazamwa vyumba vyote kupitia mtandao wa ndani, bila kutumia kifurushi cha intaneti.

Hata hivyo, vipimo hutangulia ununuzi. Kwanza ni nafasi: chaneli inayorushwa kwa megabiti 8 kwa sekunde hujaza gigabaiti 3.6 kwa saa, hivyo diski ya gigabaiti 1,000 hutosha takriban saa 278. Pili, kurekodi chaneli mbili za masafa tofauti kwa wakati mmoja huhitaji vipokezi viwili. Tatu, waya hupitisha picha bila kukwama mahali ambapo kuta za zege hudhoofisha Wi-Fi.

Aidha, chaneli za kulipia hufungwa kwa msimbo. Kifaa kisichoidhinishwa hakiwezi kuzifungua. Vilevile, kazi zinazorushwa hulindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, hivyo kilichorekodiwa kwa ajili ya familia kisioneshwe ukumbini kwa kiingilio bila idhini ya mwenye haki.